UZI: Mmejenga biashara pamoja na sasa mnaachana, duka linagawanywaje? Jina la kwenye leseni halimalizi kesi

Mhasibu wa Fremu

Wakuu habari za muda huu. Kazi yangu mimi ni mahesabu ya wafanyabiashara wadogo, ritani za TRA (mamlaka ya mapato), mashine za EFD za kutolea risiti, kupanga makaratasi ya kuombea mkopo benki, wateja wangu wengi wako Kariakoo na wengine huko Mbagala na Tegeta. Sasa kwenye hii kazi ndoa ya mteja ikianza kuyumba mimi napigiwa simu hata kabla ya wakili. Mume anapiga usiku anauliza yule mwanamke ana haki gani kwenye duka langu, asubuhi yake mke anapiga anauliza duka letu litagawanywaje, na wote wanaongelea fremu (chumba cha duka) ileile.

Nimeona niandike kwasababu naona humu kila mada ya talaka ikija wanaume wanajibu "leseni ina jina langu hapati kitu" na wanawake wanajibu "sheria inasema nusu kwa nusu", na wote mnadanganyana.

Tanzania bara tunatumia Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa watu wote, uwe umefunga kanisani, msikitini, bomani au kimila. Kifungu cha 114 ndicho kinaipa mahakama nguvu ya kugawa mali zilizochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru ziuzwe mgawane hela. Kwenye kugawa hakimu anaangalia mila na desturi za jamii yenu, anaangalia kila mmoja kachangia kiasi gani, na hapa sikilizeni vizuri, mchango ni hela, mali AU KAZI. Anaangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, anaangalia na mahitaji ya watoto. Akishapima hayo ndio sheria inamtaka aelekee kwenye usawa. Kuelekea kwenye usawa haimaanishi kila mtu anatoka na 50, ndio maana utasikia kesi mtu kapata asilimia 30, mwingine 40, mwingine nusu kabisa.

Na kuhusu jina, kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa ni yake, lakini mwenzake anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga. Kwahiyo leseni, TIN (namba ya mlipakodi) na cheti cha BRELA (wanaosajili biashara na kampuni) vyenye jina lako vinakupa sehemu nzuri ya kuanzia tu. Mwenzako akija na ushahidi kwamba alikuwa anafungua duka saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku wakati wewe uko safari za mzigo, jina lako halitakuokoa.

Sasa niongelee kitu ninachokijua mimi zaidi ya sheria, duka lenyewe. Nyumba ni rahisi, anakuja mthamini anaandika bei mnagombania bei ileile. Biashara ina vitu vinavyotembea. Nilishawahi kuhesabu mzigo wa duka la spea za pikipiki, wenye duka wanaachana na kila mmoja kaja na mtu wake wa kumlinda. Tulianza baada ya kufunga, box kwa box, breki shuu, cheni, spoketi, taa, plagi, bearing za kila saizi, kaka wa mke ameshika kalamu na mdogo wake mume anataja bei. Kila kitu mdogo mtu anataja bei ya chini kwasababu anataka duka lionekane dogo, na kaka mtu anataja bei ya rejareja ili duka lionekane kubwa. Tukabishana bearing moja karibu robo saa. Mwishoe nikawaambia leteni risiti za kununulia tunaandika bei ya kununua tu, asiye na risiti tunapiga simu kwa muhindi aliyewauzia. Hapo ndio pakatulia.

Baada ya kuhesabu hesabu inakwenda hivi, namba nimeweka za mfano tu. Mzigo wote kwa bei ya kununua milioni 62. Toa mzigo uliododa, spea za pikipiki ambazo hazipo tena barabarani, milioni 9, inabaki 53. Wateja mafundi wanadaiwa milioni 11 kwenye daftari ila wa uhakika ni 7, tumefika 60. Fremu ni ya kupanga lakini walilipa kilemba (hela ya kuingilia kwenye fremu) na leo mtu yupo tayari kutoa milioni 15 kuingia pale, 75. Kirikuu ya kubebea mzigo milioni 8, 83. Hapo mke anashangilia. Sasa rudi nyuma, mali kauli (mzigo waliochukua kwa mkopo) wanadaiwa na msambazaji milioni 18, mkopo wa benki umebaki 20, TRA 3. Jumla ya madeni 41. Duka ambalo mtaani linaitwa la milioni mia thamani yake halisi ni milioni 42, na hiyo 42 ndio inayogawanywa.

Watu wengi wanagombania hiyo 83 wakidhani madeni yatabaki kwa mwenye jina. Ntaendelea, ulizeni.

Kipusa wa Temeke

Asante mkuu, nasubiri muendelezo. Ila hapo kwenye kazi fafanua, mimi ni mama wa nyumbani dukani nilikuwa naenda mara chache sana, nalea watoto wanne na mama mkwe mgonjwa. Ina maana mimi mchango wangu sifuri??

Mhasibu wa Fremu

Hapana dada yangu. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Nyalali. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wamegawanyika, wengine wanasema kupika na kulea ni wajibu tu wa mke. Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani ni mchango, kwasababu mume anayetoka asubuhi kwenda kutafuta anatafuta kwa utulivu maana kuna mtu nyumbani. Toka hapo kila wakili wa mke anaanza na Bi Hawa.

Lakini kuna kipande cha kesi hiyo watu hawakisimulii, na ndio kinahusu huu uzi. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu! Mahakama ilikubali hoja yake ya kazi za nyumbani halafu ikaona kwamba mume alimpa hela za mtaji aanzishe biashara ya familia na zile hela akazitapanya, kwahiyo mchango wake ukawa umefutwa na alichopoteza. Dada kashinda kwenye kanuni kapoteza kwenye mtaji. Kwahiyo hata nyie mnaopewa mtaji wa duka mkaupeleka kwenye sare za harusi na michango ya kitchen party, mjue hakimu anaweza kuuliza ule mtaji uko wapi. Na wanaume vilevile, aliyekunywa duka lote baa asije akasema tugawane kilichobaki nusu kwa nusu.

Mzee Kilemba

Hahaha kitchen party umepiga penyewe mkuu.

Ila mimi sikubaliani na hii sheria. Nimeanza na meza ya kandambili pale Karume, nimeungua moto, nimeanza upya, nimefika kuwa na fremu mbili. Mwanamke kaja kakuta nina duka tayari. Leo aondoke na asilimia 40 ya jasho langu la ujana? Hapana jamani.

Mhasibu wa Fremu

Mzee wangu shikamoo. Sheria haikudhulumu hivyo unavyodhani. Mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa ni yako, kufunga ndoa hakuibadilishi umiliki. Mlango unaofunguka ni mmoja, kifungu hichohicho cha 114 kinasema mali ya kabla ya ndoa inaingia kwenye mgao kama iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au na nyie wote wawili wakati wa ndoa. Sasa jiulize mwenyewe, ulipooa ulikuwa na fremu ngapi na mzigo wa shilingi ngapi? Kama ulikuwa na fremu moja yenye mzigo wa milioni 5 na leo una mbili zenye 80, ile 5 hakuna wa kukugusa, kwenye hiyo iliyoongezeka ndio atauliza yeye alikuwa wapi.

Tatizo lako litakuwa kuthibitisha hiyo 5. Una steitimenti ya benki ya mwaka uliooa? Una makadirio ya TRA ya mwaka ule? Kama huna basi mahakamani itakuwa neno lako na neno lake.

Mzee Kilemba

Marahaba. Makadirio ya TRA ya mwaka ule nilidanganya mauzo ili nilipe kidogo 😂

Mhasibu wa Fremu

Hapo ndipo wengi wanakwama mzee. Mtu kwa miaka yote anaiambia TRA mauzo yake madogo, siku ya talaka mke anasema duka linaingiza milioni 3 kwa mwezi, mume anatoa ritani zinaonyesha laki 4. Halafu mke anatoa steitimenti ya lipa namba (malipo ya wateja kwa simu). Hakimu kashika karatasi mbili za mtu mmoja zinazogombana zenyewe kwa zenyewe, hapo hata yale ya kweli unayosema yanapungua uzito.

bintiwakipare

Mimi swali langu ni kampuni. Shemeji yenu ana kampuni ya usafirishaji, malori manne, kampuni ina hisa 100, yeye 95 na mdogo wake 5. Mimi sipo popote. Malori yamenunuliwa tukiwa kwenye ndoa mwaka wa sita na wa nane. Nikidai lori naambiwa lori ni la kampuni. Ni kweli au napigwa changa la macho?

Mhasibu wa Fremu

Ni kweli na haujapoteza kitu. Ngoja nieleze taratibu maana hapa hata mawakili wengine wanaandika madai kwa kukosea.

Biashara yenye jina la biashara tu la BRELA haina utu wake, mwenye jina na duka ni mtu mmoja kisheria, kwahiyo mzigo, kirikuu na madeni vyote vinaingia kwenye mgao moja kwa moja. Kampuni ni kitu kingine. Kampuni ikisajiliwa inakuwa kama mtu mwingine anayejitegemea, malori ni yake, akaunti ni yake, madeni ni yake. Mume wako hamiliki lori hata tairi, anamiliki hisa 95. Ukienda mahakamani ukaandika naomba lori namba fulani, wakili wake atasimama atasema kampuni sio mteja wangu wala sio mume wako na haijashtakiwa hapa, na lori utalikosa. Ukiandika naomba mgao wa hisa zilizopatikana wakati wa ndoa, hapo umemshika pazuri, hisa ni mali kama shamba lilivyo mali.

Sasa hisa zinathaminiwaje? Hesabu ni ileile niliyoifanya juu kwenye spea, malori na madai kutoa mkopo wa malori na kodi, kinachobaki unapiga asilimia 95, hapo ndio thamani ya hisa zake. Halafu mchango wako unapimwa kwenye hiyo. Na mara nyingi haifai upewe hisa zenyewe, fikiria unakuwa mwanahisa mdogo kwenye kampuni ya mtaliki wako, gawio hakupi, kikao hakuitishi, ni ugomvi wa maisha. Bora alipe thamani yake.

Kuna kesi ambazo mahakama inaweza kuangalia nyuma ya kampuni, hasa kama nyumba au gari lilikuwa la familia na likahamishiwa kwenye kampuni dakika za mwisho ili mwenzake akose. Hapo tarehe za makaratasi zinaongea. Anza leo kwa kuomba taarifa za kampuni BRELA, ni haki ya mtu yeyote kulipia na kuona wanahisa ni nani na mabadiliko yalifanyika lini.

bintiwakipare

Mungu akubariki. Nitaenda jumatatu.

Dogo wa Chanika

Mnaongea ndoa ndoa, sisi tuliovuta tu? Nimekaa na demu miaka mitano, watoto wawili, tuna genge limekuwa duka la jumla la vinywaji. Hatujafunga popote. Si kila mtu anaondoka na chake tu?

Mhasibu wa Fremu

Dogo soma kifungu cha 160. Mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii inawajua kama mume na mke, sheria inadhania mmeoana mpaka ithibitishwe vingine. Na hata ikithibitishwa kwamba hamkuoana rasmi, mahakama bado ina nguvu ya kutoa amri za mali kama ingekuwa ndoa. Makreti ya bia hayaulizi cheti cha ndoa.

Njiwa Mweupe

Mleta uzi vipi kuhusu sisi waislamu? Mimi nimepewa talaka tatu kwa mdomo mbele ya mashahidi, anasema kwenye dini mke anachukua chake alichokuja nacho na mahari yake basi, duka la nguo tulilianza wote kwa hela ya kikoba changu.

Mhasibu wa Fremu

Pole sana dada. Mimi sio shehe kwahiyo sitoi fatwa. Ninachojua ni kwamba Sheria ya Ndoa inatambua talaka ya kiislamu, ila mgao wa mali za bara unabaki kifungu cha 114 kwa dini zote. Unaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, BAKWATA wanalo, kata wanalo, ustawi wa jamii pia, makanisa nayo yana mabaraza yao. Baraza haligawi mali, linasuluhisha na likishindwa linakupa cheti. Hicho cheti ndio tiketi ya mahakamani na kisizidi miezi sita tokea kitolewe mpaka unafungua shauri, watu wengi wanakaa nacho kwenye pochi mpaka kinachacha wanaanza upya. Ukishakuwa nacho unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, sio lazima uende mbali.

Na hata kwa upande wa dini nadhani hoja yako ni nzuri, hela ya kikoba ni yako ulitia wewe. Leta daftari la kikoba, mweka hazina wenu aje aseme tarehe uliyokopa na kiasi. Tarehe ya mkopo wa kikoba na tarehe ya kulipa kodi ya fremu zikifuatana wiki moja, hiyo ushahidi wake ni mzito kuliko mashahidi kumi wa kusema "alikuwa anajituma sana".

(Zanzibar ni habari nyingine, hii sheria ya 1971 ni ya bara, kule kuna Mahakama ya Kadhi na taratibu zake.)

Mwana Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya tuna Matrimonial Property Act ya 2013, nayo imeandika waziwazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kumfariji mwenzako, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shamba. Wengi walidhani Katiba kusema mume na mke wana haki sawa basi ni nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu Januari 2023 ikasema la, usawa si kugawa nusu kwa kila kesi, kila mtu athibitishe mchango wake. Lakini kwenye kesi hiyohiyo mama alithibitisha na akabaki na nusu yake. Kwa hiyo ndugu zangu tofauti yetu na nyinyi si kubwa, nyaraka ndizo zinazoamua huku na huko.

Mhasibu wa Fremu

Ahsante sana Mwana Mvita, nyie mmeandika usimamizi wa biashara kwenye sheria kabisa, huku kwetu tunauingiza kupitia neno "kazi".

Fundi Selemani

Mkuu gusia madeni. Jamaa yangu kakopa milioni 30 benki kwa jina la biashara, hela kapeleka kumjengea nyumba ndogo (hawara) wake huko Goba. Sasa wanaachana anataka mkopo uondolewe kwenye thamani ya duka kabla ya kugawana na mkewe. Hii imekaaje?

Mhasibu wa Fremu

Imekaa vibaya kwake akikutana na mke anayejua. Sheria imesema madeni yaliyochukuliwa kwa FAIDA YA WOTE. Mkopo ulioingia dukani ukanunua mzigo, sawa unatoka kwenye thamani. Mkopo uliopitia dukani ukaenda Goba sio deni la ndoa, ni mzigo wake abebe mwenyewe. Kinachothibitisha ni steitimenti, hela iliingia tarehe hii, ikatoka tarehe hii kwenda wapi? Kama ilitoka kwa msambazaji sawa. Kama ilitolewa keshi yote siku mbili na stoo haikuongezeka, aeleze.

Na hapo hapo niseme kuhusu mali kauli. Wakianza kugombana ghafla wanatokea "wadai" ambao miaka yote hatujawahi kuwasikia, binamu anadai aliwakopesha milioni 12, rafiki anadai alitoa mzigo bila karatasi. Mimi sheria yangu kwenye kuhesabu ni moja, deni ambalo halikuwepo kwenye daftari kabla ya ugomvi haliingii mpaka mwenye nalo alete risiti yake na aonyeshe mzigo uliingiaje.

mamaP_Mbezi

Wangu kaenda mbali zaidi, kahamisha mzigo usiku wote kwa rafiki yake, nimefika asubuhi duka lina vumbi na rafu tupu. Polisi wananiambia ni mambo ya ndoa.

Kipusa wa Temeke

Daah pole mamii 😢

Mhasibu wa Fremu

Pole mama P. Polisi wengi watakwambia hivyo. Sehemu yako ni mahakamani, omba zuio haraka, mahakama ina uwezo wa kuzuia mali isiuzwe wala kuhamishwa wakati shauri linaendelea, na hata kutengua uhamisho uliofanywa kwa nia ya kukunyima. Wakati huo kusanya alichokiacha. Mzigo anaweza kuuhamisha ila historia yake hawezi, EFD ina mauzo yake, wasambazaji wana nakala za ankara, lipa namba ina miamala. Kwenye hesabu tunaweza kuujenga mzigo upya, tunachukua ulioanza nao, tunaongeza manunuzi, tunatoa mauzo kwa bei ya kununulia, kinachotakiwa kuwepo stoo kinajulikana. Kama kinatakiwa cha milioni 40 na kimekutwa cha 2, hiyo 38 inahesabiwa kama ameshaichukua yeye.

Lakini fanya mapema. Mzigo wa chakula au vipodozi unaexpire, na mashahidi wako ambao ni wafanyakazi wa duka wakishalipwa mshahara na yeye miezi mitatu kumbukumbu zao zinabadilika.

Mzee Kilemba

Sasa nisaidie hili la mwisho. Tukishajua thamani ni hiyo 42 na hakimu kasema mke 40 kwa 100, hela anaipataje? Duka haliwezi kutoa milioni 16 na laki 8 keshi likabaki hai.

Mhasibu wa Fremu

Hapo mzee umeuliza penyewe, maana wengi wanashinda kesi halafu wanaua ng'ombe.

Njia ya kwanza ni kuuza kila kitu mgawane. Mimi naichukia. Mzigo wa milioni 53 ukipigwa mnada siku moja unaweza kupata nusu, kilemba kinategemea mwenye nyumba, wateja mafundi wakisikia duka linakufa deni la daftari hawalipi tena. Mnaanza na 42 mnagawana 15.

Njia ya pili ni kama mna matawi, mmoja anachukua hili mwingine lile, mnalipana tofauti. Hii inafanya kazi vizuri kama kila mmoja ndiye alikuwa anasimamia lake, nimewahi kuona mke kachukua duka la Mbagala mume kabaki na la Kariakoo, na duka la mke ndilo linalofanya vizuri mpaka leo, mume anapita pale kuulizia mzigo.

Ya tatu ndio ninayowashauri wengi, mmoja anabaki na duka anamlipa mwenzake kidogokidogo. Milioni 16.8 kwa miezi 24 ni laki 7 kila mwezi, duka linalolaza hela vizuri linaweza. Lakini isiwe ya kukubaliana kwenye sebule mbele ya wazee halafu kila mtu anaondoka. Iandikwe, isainiwe, ipelekwe mahakamani isajiliwe iwe hukumu ya makubaliano, ili asipolipa mwezi wa tano usianze kesi upya, unakwenda kukazia hukumu. Weka na dhamana, kirikuu kwa mfano. Na mnaolipwa msikubali "nitakulipa kwa mzigo", utaletewa ile iliyododa.

Kama mnahamishiana kiwanja, nyumba ya biashara au hisa kwasababu ya talaka ongeeni na TRA mapema, sheria ya kodi ya mapato ina utaratibu wake kwa wanandoa wanaoachana, ukienda bila kuomba unaweza kukadiriwa kama umeuza kwa faida.

Mzee Kilemba

Laki 7 kila mwezi miaka miwili. Bora nikamuombe msamaha mama watoto 😂😂

Salon Malkia

Jamani na mimi kabla uzi haujafungwa. Mume alinifungulia saluni kama zawadi ya kumbukumbu ya ndoa, kila mtu alikuwepo siku ya ufunguzi, keki ikakatwa na akasema kwenye kipaza sauti "hii ni yako mke wangu". Leo anasema ni mtaji wake anataka nusu.

Mhasibu wa Fremu

Hongera kwa mume aliyeshika maiki. Kifungu cha 61, mwanandoa akimpa mwenzake mali wakati wa ndoa sheria inadhania mali ile ni ya aliyepewa kabisa, mpaka mtoaji athibitishe vingine. Tafuta video ya siku ile, lazima kuna mtu aliirusha status. Ila kama yeye aliendelea kulipa kodi ya pango na kununua mashine mpya miaka yote hiyo atakuja na hoja ya mchango kwenye ukuaji, kwahiyo tafuta na risiti za wewe kulipa pango.

Salon Malkia

Video ipo, aliipost yeye mwenyewe.

Mhasibu wa Fremu

Basi idownload leo hii kabla hajaifuta, itunze na tarehe yake ionekane, na mtafute aliyeshika ile kamera aje kuwa shahidi.